Salamu kwenye skrini

Katika duka la fotokopi hapa mjini, umeme ulirudi, kompyuta ikawaka, na skrini ikaandika yenyewe: «Bonjour mama, umelala muzuri?»

«Nimelala muzuri, papa,» akajibu mwenye duka huku akipanga karatasi.

Nikauliza nani anamsalimia.

«Bwana yangu. Alikuwa muprogrameri. Aliandika amri moja: onyesha haya maneno. Mashine haiwazi, inatoa tu kile aliweka ndani. Tulimuzika mwaka jana.»

«Hauwezi kuifuta?»

Akanitazama kama anayemtazama mtu aliyelelewa vibaya. «Muntu anakusalimia, unamufunga kinywa?»

Akatoka kununua wino. Umeme ukakatika, ukarudi. Salamu ikatokea tena, naye hayupo. Foleni nzima ya wateja nyuma yangu ikaniangalia. Mimi, mjuaji wenu wa kila wiki katika safu hii, nikavua kofia, nikaitika.