Kodi Mia Nne, Lakini Uwe na Mtoto

Mwenye ploti alinipunguzia kodi kwa sharti moja: nimlete mtoto wangu, na alale hapo kila siku.

Sikuuliza kwa nini.

Mimi ni mtu wa haya. Tangu niache shule darasa la sita, mtu akiongea kwa sauti ya kujua, mimi huangalia chini na kukubali.

Ilikuwa mwaka wa 2003. Nilikuwa nashona mifuko ya suruali katika kiwanda kimoja pale EPZ, Athi River. Mifuko tu. Suruali nzima sikuwahi kushona.

Binti yangu Mueni, wa miaka miwili, alikuwa kwa mama yangu Kangundo. Mwezi wa tano mama akanitumia neno. Macho yake yalikuwa yamefifia. Mueni alikuwa ameangukia jiko, mkono ukaungua. Niamue.

Kuamua ni kupiga hesabu.

Mshahara elfu nne, nisipokosa siku hata moja. Chumba cha mawe, elfu moja mia tano. Mama wa kuchunga mtoto, arobaini kwa siku. Halafu unga, mafuta ya taa, sukuma, maji ya mtungi, maziwa.

Nilihesabu kwa vidole. Nikahesabu tena kwa chaki ya kushonea, kwenye ukuta wa choo cha kiwanda. Jibu lilikuwa lile lile. Ikifika tarehe ishirini, mimi na Mueni tungekuwa tunalala njaa.

Nilikuwa nimeshakata tamaa Loise, tuliyeshona naye laini moja, aliponiambia habari za Mama Ndunda. Alikuwa na vyumba vya mabati ng'ambo ya reli. Kodi mia nne.

"Mia nne kwa wiki?" nikamuuliza.

"Kwa mwezi. Lakini uwe na mtoto. Kama huna, hata hakuangalii."

Mama Ndunda alinipokea vizuri, akaniita mwiitu wakwa, binti yangu. Hakutaka dipoziti. Hakutaka kitambulisho. Alitaka jina la mtoto na miaka yake, akaandika kwenye daftari. Kisha akasema Mueni akilala kwingine hata usiku mmoja, kodi ni elfu.

Jumamosi nikamleta Mueni.

Vyumba vilikuwa kumi na viwili. Kila mlango ulikuwa na mtoto, na hakuna mlango uliokuwa na mwanaume. Misumari ya mabati haikuwa imegongwa mpaka mwisho. Choo kilikuwa shimo linalonifika magotini.

Na kulikuwa na amri moja ya ajabu. Kila asubuhi tuanike nepi upande wa barabara, hata kama hatujafua.

Nilianika. Mueni alikuwa ameshaacha nepi, kwa hivyo Mama Ndunda alinipa za kuanika.

Jirani yangu aliitwa Waris, mama wa Kisomali aliyeuza maziwa ya ngamia. Alikuwa na kijana mdogo, Liban. Mchana alinichungia Mueni kwa bei ya chini. Siku niliyopata mshahara nikanunua kitanda. Waris akakiangalia muda mrefu.

"Mama Mueni, ungenunua mkeka," akasema. "Mkeka unakunjwa."

Nilitaka kumuuliza ana maana gani. Nikacheka tu, nikaingiza kitanda ndani.

Mwezi huo hesabu yangu ilikubali kwa mara ya kwanza. Nilibaki na mia tatu. Mueni alinenepa, kidonda kikafunga, akaanza kuniita mama badala ya kuniita Kanini kama alivyosikia kwa nyanya yake. Nikajiambia, kumbe mji huu naweza.

Halafu ikaja Alhamisi.

Saa kumi na mbili asubuhi, nikijitayarisha kwenda kazini, Mama Ndunda alipita akigonga mlango mmoja mmoja. Leo hakuna kwenda kazi, alisema. Kila mtu akae ndani na mtoto wake, afunge mlango.

Nikafunga. Nilikubali, kama kawaida yangu.

Baadaye kidogo nikasikia injini. Nikachungulia kwenye tundu la msumari. Tingatinga la manjano lilikuwa limesimama mwisho wa ploti, upande wa nyuma usio na nepi, limeinua meno.

Waris akaniambia kupitia mabati. Shamba halikuwa la Mama Ndunda. Mwenye shamba hasa alikuwa ameshinda kesi. Ploti ya kwanza ya huyu mama, ile ya karibu na mto, ilibaki imesimama miaka miwili kwa sababu hakuna dereva aliyetaka kubomoa nyumba yenye watoto.

"Na ulijua ukakaa?"

"Mia nne, Mama Mueni. Hata mimi nilipiga hesabu."

Stoo iliyokuwa mwisho wa vyumba, isiyokaa mtu, ikakunjika kama karatasi. Ukuta wangu ukatetemeka. Mueni akanishika shingo.

Nikafungua mlango. Mama Ndunda alikuwa amesimama hapo nje, akaukamata kwa mikono miwili.

"Rudi ndani. Wewe ulidhani mia nne ni ya nini?"

Sauti yangu ilitoka ndogo, lakini ilitoka.

"Ni ya nyumba. Mtoto sikukukodishia."

Nikampita. Waris akatoka nyuma yangu na Liban. Kisha milango yote.

Dereva alipotuona alizima injini. Akashuka, akatuhesabu kwa macho, watoto kumi na wanne, akaketi chini kwenye vumbi.

"Mimi niliambiwa hapa ni vibanda vitupu," akasema. "Nilikuwa nataka kumaliza mapema."

Tulipogeuka kumtafuta Mama Ndunda, alikuwa ameshaenda na daftari lake.

Baada ya hapo mimi na Waris tulichukua chumba kimoja cha mawe, tukagawana kodi nusu kwa nusu. Tulibanana watu wanne. Hesabu haikuwa nzuri, lakini ilikuwa ya kweli.

Wewe unayesoma hapa ukipanga kuhamia mji fulani, usiishie kwa mshahara kutoa kodi. Nyumba ikiwa rahisi kuliko za jirani, kuna mtu anayelipa hiyo tofauti. Uliza ni nani. Uliza hata kama unaona haya.

Mimi sikuuliza. Aliyekuwa akinilipia alikuwa na miaka miwili.