Guracha Ajifunza Upande wa Kulia

Mwaka wa 1966, serikali ilipowakusanya wafugaji kwa nguvu katika kijiji kilicholindwa karibu na Griftu, Batula mjane alikuwa na mbuzi kumi na mbwa wake, Guracha. Askari wa kizuizi cha njia ya kwenda malishoni alimwonya kwamba mbwa yule akimsogelea tena atampiga risasi. Batula akamfunga nyumbani siku nane, na huko malishoni fisi wakala mbuzi wawili.

Guracha alizoea kutembea kushoto kwa Batula. Asubuhi askari alikuwa kulia, hapakuwa na neno. Jioni wakirudi, askari alikuwa kushoto, na hapo ndipo palipokuwa na kifo. Basi kila siku Batula alijipaka maziwa kiganja cha kulia, akamlambisha, akamzungusha boma upande huo huku akijipiga paja. Kisha akaosha mkono mara saba, moja kwa mchanga, kama dini inavyotaka, na maji yenyewe ya kupimiwa.

"We Batula, umerogwa?" jirani yake Mumina akamcheka. "Mkono wa kulia chakula unampa mbwa?"

"Mbuzi wakiisha, dada, huo mkono safi utatia nini kinywani?"

Siku ya tisa wakatoka pamoja. Jioni, kizuizini, Batula akajipiga paja la kulia. Guracha akapita nyuma ya gauni lake, akahamia kulia, akatembea taratibu.

Askari akashusha bunduki. "Mama, huyu ana adabu kuliko watu wako."

Batula alilimeza neno lile kama dawa chungu, kwa sababu mbuzi walikuwa hawajamaliza kuvuka.