Kofia Nyekundu ya Baba ku Vagoni

Juzi, ku reli, niliona kijana anasimama pembeni, anavuta mupini murefu, vagoni mbili za treni zinaachana. Hakuingia katikati.

Baba yangu alikuwa anaingia katikati, anang'oa kwa mikono chuma inayofunga vagoni. Muchana moja, ningali mutoto, nilimupelekea bukari, ndiyo ugali yetu, na samaki ya Kasenga, ingali moto. Kulinuka mafuta na makaa. Niliona kofia yake nyekundu imetundikwa inje ya vagoni, nikawaza: amesahau tena. Mama alimugombezaka kila siku juu ya kusahau vitu. Nikaitwaa.

Hakuna muntu aliniambia kama ile kofia ilikuwa inamujulisha mashinisti, mwenye kuendesha treni: muntu iko ndani, usisukume. Vagoni ziligongana. Baba alilia mara moja tu. Kwa woga nikaficha kofia mu kitambaa ya bukari.

Kapita, mukubwa wa kazi, alikuja mbio, akamuita baba vile wote waliitana ile wakati, mwananchi: "Sitwayen, kofia yako iko wapi?"

Baba alikuwa amelala ku mawe, mukono wa kuume umesagika. Aliniangalia.

"Nilisahau kuitundika, Kapita." Kisha akaniambia: "Rudi ku nyumba, binti. Na hiyo bukari yako."

Nilishangaa. Baba alitukatazaka kudanganya.

Miaka yote mama alimurushia maneno: "Kusahau kwako ndiko kulikula ule mukono."

Baba anamujibu: "Ndiyo, mama. Niko vile."

Nilipoelewa kama baba alibeba kosa yangu, nilikuwa nimekwisha kujenga nyumba yangu mu Kampemba kwa jasho yangu, na siogopi muntu mu hii muji. Lakini mama alizikwa pasipo kujua kama ni mimi nilitwaa kofia. Sikufungua kinywa.