Shavu la Kampuni

Katika soko la mbao la Mapendo, mjini Goma, hakuna aliyekuwa haujui mkono wa Apolline. Ulikuwa mkono wa mwanamke aliyepakia na kupakua mbao ngumu za libuyu miaka nenda miaka rudi, na aliutumia bila ubahili. Msukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, aliyeangusha mzigo wake makusudi alipigwa kofi. Mteja aliyesema mbao zimeoza, ili azinunue jioni kwa bei ya kuni, alipigwa. Polisi mmoja aliyemwomba chai huku akimshika kiuno alipigwa mbele ya wenzake, na wenzake walicheka hadi wakasahau kumkamata. Nje ya yale aliyofundishwa na mapadri kule kwao Butembo, Apolline alikuwa na imani moja tu: kila kosa lina mwenyewe, na kila mwenyewe ana shavu.

Imani hiyo aliipata kwa uchungu. Mumewe Kambere, dereva wa lori, alikatwa mapanga katika njia ya Beni, na hakuna aliyejua waliomkata ni akina nani. Apolline alizika alichopewa, akamfunga mtoto mgongoni, akashuka Goma. Kilichomtafuna si kifo peke yake, bali kukosa mtu wa kumwendea. Tangu hapo aliapa kwamba lolote litakalomfika, atamjua aliyelileta, na atamfikia.

Mtoto huyo wa mgongoni ndiye Samy. Alikua akafika miaka kumi na mitano, mrefu kuliko mamaye, mzito wa kuamka na mwepesi wa kucheka. Yeye na Djibril walikuwa chanda na pete. Djibril alikuwa mtoto wa Jamila, mwuza vitenge mwenye asili ya Maniema, jirani yao wa karibu. Jumapili Djibril alikula kwa Apolline, na siku ya Idi Samy alikula kwa Jamila mpaka mkanda ukamshinda kufunga.

Ndipo Radi ikaingia mjini. Ilikuwa soda ya kopo jeusi, ya kuamsha mwili, tamu ya kukwangua koo. Haikutangazwa redioni wala ukutani, kwa sababu wenye nayo hawakuwa wakiwatafuta watu wazima. Ilitangazwa ndani ya simu za watoto. Mchezo wenyewe uliitwa défi: wawili wanasimama uso kwa uso, kila mmoja na kopo mkononi, wanapigana makofi kwa zamu, na asiyepepesuka ndiye mshindi. Video ikipendwa, ukurasa wa Radi unaichukua na kuirusha tena kwa nchi nzima, na mtoto wa Mapendo anaamka akiwa staa. Watoto walipigana makofi wakiwa na sare za shule, walipigana nyuma ya kanisa, wavulana kwa wasichana. Walimu waliyaona mashavu yamevimba wakadhani ni meno.

Apolline naye alionyeshwa video ya kwanza ya Samy na Djibril, na tuseme kweli, alicheka. Alisema mwanawe ni mbao ya libuyu, haipindi. Ila chini ya video ile ukurasa wa Radi wenyewe ulikuwa umeandika, kwa Kiswahili cha mtaani, mbele ya macho ya kila mtu: "Goma, munapigana sawa batu ba kunywa maziwa. Tunataka kuona mutu chini." Mtaa mzima ulisoma maneno hayo ukayaona ni utani.

Alhamisi, baada ya shule, Djibril aliwapa walichotaka. Alimpiga Samy kofi la mkono mzima, kwa nguvu zote za mtoto anayetaka kuonekana. Samy alikwenda upande, na kisogo kikagonga kona ya ukuta wa mawe meusi ya volkano. Waliokuwa wakirekodi walicheka kwanza. Damu ilimtoka sikioni, kisha puani, kisha miguu ikaanza kupigapiga chini yenyewe, na hapo kicheko kikakatika. Alifikishwa hospitali akiwa amekwisha kukata roho.

Apolline hakulia hospitalini. Alitoka, akaenda moja kwa moja kwa Jamila, akampita Jamila mwenyewe mlangoni bila kumtazama, akamvuta Djibril kwa mguu kutoka uvunguni mwa kitanda. Alimpiga. Alimpiga usoni, akampiga mdomoni hadi meno ya mtoto yakamchana vidole, akamnyanyua kwa kola akampiga tena. Jamila alikuwa amening'inia mgongoni mwake akimsihi, Mama Samy, Mama Samy, na jina hilo lilizidi kumchochea. Kilichomsimamisha ni mtoto mwenyewe. Djibril hakujikinga. Alishusha mikono, akauinua ule uso ulioharibika, akasema: "Ongeza, mama. Ile nilipiga Samy ilikuwa ya nguvu kupita hii."

Mkono wa Apolline ulishuka. Alikaa pale pale sakafuni, na ndipo kilio kilipomtoka.

Hasira hasara, husema watu ambao hawajafiwa na mtoto. Asubuhi Apolline alikwenda kwa chef wa avenue, mkuu wa mtaa, kudai haki yake. Akaambiwa tribunal, mahakama ya mji, imefungwa tangu vita vilipoingia mjini, na hata ingekuwa wazi, angemshitaki nani? Kampuni ina makao yake nchi nyingine, hapa ina depo tu, kule Himbi, mtaa wa kando ya ziwa. Apolline akaenda Himbi. Mkuu wa depo, kijana aliyeitwa Kamate, alimpokea vizuri mno. Alikuwa mtu wa Butembo vilevile, akamsalimia kwa Kinande, lugha ya kwao, akamkalisha kwenye kiti cha ngozi. Alisema anasikitika sana. Alisema ukurasa ule hauandikwi Goma, yeye anapokea makopo na kuyatoa, basi, na watoto walicheza kwa hiari yao. Apolline alimuuliza ni nani aliyeandika kwamba anataka kuona mtu chini. Kamate alitazama dirishani, akasema kampuni itatoa mchango wa kilio.

Aliporudi nyumbani mchango ulikuwa umemtangulia. Katoni za Radi zilikuwa zimepangwa chini ya hema la matanga, na vijana wa mtaa walikuwa wakigawana fulana nyeupe zenye picha ya Samy kifuani, picha iliyokatwa kutoka katika ile video ya kwanza. Mgongoni palichorwa kopo jeusi na jina la kinywaji. Kina mama waliziona fulana mpya wakasema mtoto ameheshimiwa. Apolline alizipita akaingia ndani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku ya maziko vijana walilitwaa sanduku la maiti, kama wanavyofanya mwenzao akifa ghafla. Sanduku la namna hiyo haliendi makaburini moja kwa moja. Linakataa njia, linayumba, linawavuta wabebaji mpaka mlangoni kwa aliyemuua marehemu, na ole wake mwenye mlango. Ukiniuliza mimi, sanduku halina miguu. Miguu ni ya vijana. Hata hivyo lilipofika njia panda liliyumba, likazunguka, likarudi mbio kuelekea nyumba ya Jamila, na Apolline akalifuata. Moyoni hakulipinga.

Lango la mabati halikustahimili. Mawe yaliingia kwanza, kisha watu. Vitenge vilitupwa uani vikakanyagwa, madirisha yakavunjwa, na Jamila aliyejaribu kuziba mlango kwa mwili wake alipigwa kwa ubao begani akaanguka. Djibril walimtoa darini, uso wake bado umevimba kwa kipigo cha majuzi, wakampiga mateke hadi akaacha kulia, wakamvika pneu, tairi kuukuu la gari, shingoni. Mmoja wao alikuwa na chupa ya petroli. Wote walikuwa wamemvaa Samy kifuani. Kisha wakampisha Apolline, kwa sababu katika mambo hayo mama wa marehemu ndiye anayeanza, na mwenye petroli akamwambia kwa heshima kabisa: "Mama Samy, kofi ya kwanza ni yako."

Aliitaka. Tusidanganyane, aliitaka hata baada ya yote. Aliinua mkono, na alipouinua, simu nazo ziliinuka, uani na juu ya ukuta, na aliyekuwa mbele kabisa alishika simu kwa mkono mmoja na kopo la Radi kwa mkono wa pili. Djibril alikuwa amelala chini. Apolline aliyakumbuka yale maneno ya kutaka kuona mtu chini, akaona kwamba akilishusha kofi lile atakuwa anawatengenezea Radi video nyingine, na safari hii mtu wa chini atakuwa mtoto aliyekula sahani moja na mwanawe. Akainama, akaishika pneu, akaivua.

"Sanduku ni ya mutoto yangu," alisema. "Mimi njo najua kwenye inaenda. Inaenda Himbi."

Vijana walinung'unika, na mwenye petroli hakurudi nyuma. Basi Apolline akafanya jambo ambalo mama hafanyi. Aliingia chini ya sanduku la mwanawe wa kuzaa, akaweka bega, kisha akamvuta Djibril akamsimamisha kwenye pembe ya pili. Kubeba maiti kuna sheria yake, na hata wahuni wanaijua: aliye chini ya sanduku hapigwi, maana atakayempiga amempiga marehemu. Mwenye petroli aliishusha chupa. Djibril alibeba huku damu ikimdondoka kidevuni, na Samy akageuzwa kuelekea ziwani.

Njiani fulana zilianza kuvuliwa bila mtu kuamuru. Kijana wa kwanza aliitupa yake akaikanyaga, akaona amemkanyaga Samy, akaiokota, akauchana ule mgongo tu wenye kopo, akaivaa tena. Wengine wakafanya vivyo hivyo. Walipofika Himbi walikuwa na picha kifuani na migongo wazi.

Walinzi wa depo walipiga risasi juu, kisha wakaja na virungu. Kirungu kimoja kilimpata Apolline mdomoni. Alitema jino, hakuliachia sanduku. Vijana walimkamata mlinzi yule wakamvunja mkono uliopiga, na yowe lake likawatawanya wenzake. Lango likang'olewa. Makopo yalipondwa, katoni zikawashwa moto, na moshi wenye harufu ya sukari iliyoungua ukafunika barabara. Kamate walimkuta nyuma ya friji. Walimburuta mpaka mbele ya sanduku wakimtwanga kwa makopo yaliyojaa, hadi unyusi ukapasuka na jicho likazibwa na damu. Alimlilia Apolline kwa Kinande, akimwita mama, akisema yeye ni mfanyakazi tu.

"Nilikuuliza nani aliandika," Apolline alimwambia. "Ukanipatia fulana."

Akamwonyesha pembe ya nyuma ya sanduku, kisha akamwonyesha wale vijana. Kamate hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Aliingia chini ya sanduku akaweka bega. Hivyo ndivyo Samy alivyopelekwa kuzikwa, mamaye na Djibril wakiwa mbele na kampuni ikiwa nyuma, katika shati lake la kazi lililolowa damu, ikitembea katikati ya mji mchana kweupe. Watu waliotoka madukani waliuliza yule wa nyuma ni nani, wakajibiwa kuwa ni Radi.

Makaburini Kamate alifukia kwa mikono yake pamoja na wengine. Simu yake ilikuwa ikitetemeka mfukoni tangu njiani. Alisogea pembeni akaifungua akasoma. Apolline alimnyang'anya akampa Djibril, naye akasoma kwa sauti kwa mdomo wake uliovimba. Ukurasa wa Radi ulikuwa umetoa tangazo. Kampuni inalaani fujo za wahuni wa Goma. Kampuni haina mfanyakazi anayeitwa Kamate, na haijawahi kuwa naye.

Kamate alisema, bila mtu kumuuliza, kwamba zile fulana aliagizwa azigawe mapema, kabla ya maziko, ili picha za kurusha ukurasani zipatikane.

Vijana walisogea. Apolline alikuwa karibu zaidi yao wote, na shavu la Kamate lilikuwa mbele yake, halina hata mlinzi mmoja. Mdomo wa Apolline ulikuwa umejaa damu. Hasira yake haikuwa imepungua hata chembe, lakini aliliangalia shavu lile akajua kwamba si lenyewe. Hata hili lilikuwa limetupwa nje ya lango.

"Basi leo hauko mutu wao tena," alimwambia. "Uko wetu. Ule aliandika anaitwa nani, na anakaa wapi?"

Kamate alilitazama kaburi bichi. Kisha akataja jina kamili la aliyeandika, na mji wake, na kazi yake, akataja na la aliyemtuma huyo, na la aliyemtuma huyo wa pili. Vijana wote wa Mapendo walikuwa wameinua simu, hakuna aliyecheka, na Djibril alimwambia apandishe sauti.