Tata Alivyopiga Nduru Akiona Nywele Zangu

Jamani, sikieni yaliyonipata leo.

Mnanijua na nywele za dhahabu, si ndio? Basi tangu Krismasi sijazipaka rangi, nazificha tu na kitambaa. Leo nilikuwa niende saluni hapa mtaani Kamenu niamue: nirudishe dhahabu, au niikate nibaki na rangi yangu.

Nikaenda kwanza Ruiru kumsalimia Tata, dada mdogo wa marehemu mama. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua mboga ya sukuma kwenye sinia. Kwa vile jua lilikuwa kali, nikavua kitambaa.

Woi!

Tata alipiga nduru mpaka majirani wakatoka. Sinia ikaanguka, sukuma yote chini. Mimi nikadhani ameona nyoka!

"Ngai! Nani amekupaka hiyo nyeupe hapo mbele?"

"Hakuna, Tata. Ndivyo zinamea siku hizi. Si ni mvi tu?"

Akainuka, akashika kile kishungi cheupe polepole.

"Hii si mvi. Mamako alizaliwa nayo, hapa hapa. Watu walikuwa wanamcheka, ndio maana alikuwa anaipaka nyeusi."

Mama alituacha nikiwa mdogo sana, na kwa picha zote nywele zake ni nyeusi ti. Hakuna mtu alishawahi kuniambia.

Saluni wakapiga simu kuuliza kama bado nakuja.

Nikawaambia, "Nakuja. Lakini ni kukata dhahabu yote. Hiyo nyeupe msiiguse."

Tata akaanza kulia, nami pia nikalia.

Kuna mwenye amewahi kujua kitu cha mzazi wake hivi, ghafla tu? Niambieni, tafadhali.