Shimo la Neema limefika hospitali

Leo mwanangu kanichongea kwa mkuu wa kliniki ya mazoezi ya viungo, pale hospitali.

Neema ana miaka mitatu, na alikuwa hajawahi kukaa bila kushikwa. Leo wamemkalisha pale kliniki, akakaa mwenyewe!

Mkuu, mama mtu mzima, akaniuliza, "Mama Neema, nyumbani unamkalisha wapi?"

"Kwenye kiti, mama."

Kiti chenyewe sina.

Neema akadakia, "Shimo!"

Jamani. Ni kweli, huwa namchimbia shimo kwenye mchanga, namkalisha humo mpaka kiunoni, mchanga umshikilie, kama bibi alivyotukalisha sisi kule Kigongo. Nikajua sasa tunafukuzwa kliniki, na mtoto ndo kwanza kaanza kukaa.

Mkuu akataka maelezo, nikampa. Halafu akawaita wenzake wote. "Njooni msikie. Sisi tunasubiri viti vya mazoezi, mwenzetu kachimba!"

Basi Ijumaa natakiwa niwafundishe wamama wote, uani pale pale hospitali. Na wataalamu watakuwepo. Mimi niliyeishia darasa la nne.

Sijalala mchana, nawaza. Nianze na salamu, au nianze tu kuchimba?

Nyie mngeanzaje?