Paka kipofu na sahani mbili za senene

Jamani, paka kipofu kanipotea!

Nimemchukua leo kwenye kituo cha wanyama hapa Rwamishenye. Nimemtua sebuleni, nikageuka, hayupo.

Mlango wa uani wazi. Nje mbwa wa jirani anabweka. Haoni kitu, atamkimbiaje?

Nikamwita jirani mwingine, Mama Koku; badala ya kunihurumia akacheka. "Waitu, kipofu kakushinda kujificha! Kaanga senene, atakuja."

Sijakaanga panzi hao tangu mume wangu afariki. Nikakaanga.

Paka akatoka chini ya kabati, pua mbele, akijigonga kwenye stuli.

Kumbe nilikuwa nimepakua sahani mbili, kama zamani.

Ya mume wangu kaimaliza yeye.

Tumpe jina gani?